Leseni kama Matini: Msimbo Chanzo, Vyuo Vikuu na Safari ya Programu hadi Funyula

Utangulizi

Katika milima ya Samia, inayouzingira mji mdogo wa Funyula katika kaunti ya Busia, chuma kilifuliwa tangu kabla ya ukoloni. Majembe ya wahunzi wa Kisamia yaliuzwa mbali, yakafika kwa Waluo na kwa jamii nyingine za Waluhya. Aliyenunua jembe alipata jembe. Ujuzi wa kuyeyusha mawe hadi yakatoa chuma ulibaki katika koo za wahunzi, ukarithishwa baba kwa mwana. Tofauti hii, kati ya kupewa kifaa na kupewa ujuzi wa kukitengeneza, ndiyo kiini cha mada inayozungumziwa hapa, ijapokuwa kifaa chenyewe si cha chuma.

Makala hii inachunguza historia ya leseni za msimbo chanzo katika vyuo vikuu, na kufuatilia jinsi leseni mbili zenye asili ya chuo kikuu zilivyofika Busia kupitia mifumo ya rekodi za afya. Hoja inayotetewa ni kwamba leseni ni matini, na kwamba hatima ya programu iliyoandikwa chuoni huamuliwa na matini hiyo fupi kuliko inavyoamuliwa na ustadi wa waandishi wa programu yenyewe. Pale chuo kinapoandika ruhusa, kazi husafiri. Pale kinaponyamaza, kazi hufia rafuni. Suala hili si la wanafunzi wa kompyuta peke yao, kama itakavyodhihirika.

Ni vyema dhana mbili zifafanuliwe mapema. Mwandishi wa programu huandika kwa lugha maalumu ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma, kuihakiki na kuisahihisha. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Programu nyingine huyageuza kuwa mfululizo wa tarakimu ambao kompyuta (au tarakilishi, kama wanavyopendelea walimu wengi wa Kenya) huutekeleza. Mtumiaji wa kawaida hukabidhiwa tarakimu hizo tu. Ana jembe mkononi, hana tanuri.

Dhana ya pili ni leseni yenyewe. Kwa mfanyabiashara wa sokoni Funyula, leseni ni karatasi inayolipiwa kila mwaka na kutundikwa ukutani ili afisa wa kaunti aione. Dereva wa matatu ya kwenda Busia huibeba mfukoni kwa ajili ya polisi wa barabarani. Katika matumizi hayo, leseni hutoka serikalini na lengo lake ni kudhibiti. Leseni ya programu hutoka kwa mwenye kazi, si kwa serikali, nayo ni tamko la kile ambacho wengine wanaruhusiwa kufanya na kazi yake. Yamkini neno idhini lingefaa zaidi, lakini leseni limekwisha kuzoeleka na makala hii haitashindana na mazoea.

Programu mbele ya sheria

Mwanafunzi wa fasihi atashangaa kuona mahali ambapo sheria ya Kenya imeiweka programu ya kompyuta. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inapofafanua kazi ya fasihi, inaorodhesha riwaya, hadithi na kazi za kishairi, kisha tamthilia, vitabu vya kiada, wasifu na insha, kamusi, barua, mihadhara na mahubiri; halafu, bila ya kubadilisha sauti, inataja programu za kompyuta pamoja na majedwali na mikusanyo ya data. Tanzania nayo inazilinda programu kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Msimamo huu umetokana na mkataba wa kimataifa wa biashara wa mwaka 1994, uliozitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani kuilinda programu kama kazi ya fasihi.

Mhakiki anaweza kuubishia uainishaji huu. Msimbo hauna wahusika wala taharuki, na ujumi wake huonwa na wachache. Hata hivyo, athari yake kisheria ni nzito. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Haihitaji kusajiliwa ili iwepo. Mara tu mwanafunzi anapohifadhi faili lake, ulinzi umeanza, atake asitake. Asiposema lolote kuhusu matumizi ya kazi hiyo, wengine hubaki nje ya uzio.

Kuna pia suala la nani mwenye kazi. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa kama kuna mapatano tofauti. Kwa hiyo, mhadhiri anayeandika programu kwa ajili ya idara huenda asiwe na mamlaka ya kuigawa. Mwanafunzi si mwajiriwa, na kwa kanuni ya jumla kazi ni yake, ila kama alitia sahihi kanuni za chuo zinazosema vinginevyo. Ni wangapi husoma kanuni hizo siku ya kujisajili?

Kutoka maabara ya simu hadi Berkeley

Historia ya leseni za msimbo chanzo katika vyuo vikuu huanzia mahali pasipotarajiwa, yaani katika kampuni ya simu. Mwaka 1956 kampuni ya AT&T ya Marekani ilifikia mapatano na serikali yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watafiti katika maabara yake ya Bell, walianza kuandika mfumo uliokuja kuitwa Unix. Kwa vile kampuni haikuweza kuufanya bidhaa ya kawaida, vyuo vikuu vilivyouomba vilipewa, pamoja na msimbo chanzo wake, kwa ada ndogo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliupata mwaka 1974.

Matokeo yake yalikuwa ya kielimu kwanza. Katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, mhadhiri John Lions aliuchapa msimbo wa toleo la sita la Unix na kuuandikia ufafanuzi, mstari kwa mstari, kwa matumizi ya darasa lake katika miaka ya 1976 na 1977. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu kazi ya aina hii: ni sherehe, kama zile wanazoandikiwa washairi wakongwe ili wanafunzi waelewe maneno magumu. Lakini toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, leseni yake ilikataza msimbo usitumiwe kufundishia. Msimbo ulikuwa uleule wa jana, ukisomwa na wanafunzi walewale; kilichobadilika ni sentensi katika leseni. Kitabu cha Lions kiliendelea kusambaa kwa nakala za mashine ya fotokopi zilizofifia, hadi kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Huko Amsterdam, Andrew Tanenbaum aliyenyimwa matini ya kufundishia aliamua kuandika mfumo wake mwenyewe, Minix, akautoa mwaka 1987.

Berkeley walikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1978 walikuwa wakisambaza nyongeza zao za Unix, lakini aliyezitaka alilazimika kwanza kuwa na leseni ya AT&T, ambayo bei yake ilipanda sana baada ya kampuni hiyo kugawanywa mwaka 1984 na kufunguliwa mlango wa biashara ya kompyuta. Mwezi Juni 1989 chuo kilitoa sehemu ya mtandao iliyoandikwa na watu wake chini ya leseni yake kilichoiandika chenyewe. Leseni hiyo, inayojulikana kwa jina la BSD, inaenea katika nusu ukurasa. Inasema, kwa ufupi: tumia, nakili, badilisha, hata uza, ila usiliondoe tamko la hakimiliki, usilitumie jina la chuo kupigia debe bidhaa yako, na ukipata hasara usitulaumu. Kulikuwa pia na sharti la kukitaja chuo katika matangazo ya biashara, lililoleta kero nyingi na kufutwa na chuo chenyewe mwaka 1999.

Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilikwenda mahakamani kuidai Berkeley na kampuni moja iliyouza kazi yake. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwanzoni mwa mwaka 1994. Kati ya mafaili 18,000 hivi yaliyokuwa katika toleo lililobishaniwa, matatu ndiyo yaliyoondolewa. Miaka miwili ya hofu kwa mafaili matatu.

Wakati huohuo, Richard Stallman aliyafikiria mambo kwa namna nyingine. Alitangaza mradi wake wa GNU mwezi Septemba 1983, akajiuzulu kazi katika taasisi ya MIT mwezi Januari 1984 ili mwajiri asije akadai kuwa kazi ni yake. Aliifahamu vizuri ile kanuni ya mwajiri na mwajiriwa. Leseni yake ya GPL ya mwaka 1989 inampa mpokeaji ruhusa zote lakini inamfunga jambo moja: akisambaza kazi aliyoibadilisha, sharti awape wengine ruhusa zilezile alizopewa yeye. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliichagua leseni hiyo mwaka 1992 kwa mfumo wake wa Linux.

Leseni ya tatu inayohusika na Busia ilizaliwa kwa mzunguko. Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kisha mwaka uliofuata kikakabidhi haki za kibiashara kwa kampuni nyingine. Baadhi ya vijana waliokiandika walikuwa wamekwisha kuondoka na kuunda kampuni yao, ambayo chuo kiliilazimisha hata kubadilisha jina. Ikawa Netscape. Kampuni hiyo iliposhindwa na ushindani, mwezi Machi 1998 ilifungua msimbo wa kivinjari chake chini ya leseni mpya, leseni ya Mozilla. Hii ni ya kati na kati: faili ulilolibadilisha sharti libaki wazi unapolisambaza, lakini mafaili mapya unayoyaongeza pembeni unaweza kuyafunga.

Mosoriot, Eldoret, Busia

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni historia ya watu wa mbali. Sivyo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini. Mwaka huohuo vyuo hivyo viwili vilianzisha mpango wa AMPATH wa kuzuia na kutibu UKIMWI, na mfumo wa Mosoriot ukapanuliwa ili kuuhudumia.

Idadi ya wagonjwa iliongezeka kuliko ilivyowazwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kupatikana kwa wingi, vituo vipya vilifunguliwa magharibi mwa Kenya, vikiwemo Amukura, Khunyangu, Port Victoria na hospitali ya Busia, yaani kila upande wa Funyula. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, walifika Eldoret, wakaona kwamba mfumo uliokuwepo ungeelemewa, wakaanza kusanifu mwingine tangu msingi. Ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006 kwa jina la OpenMRS. Kabla ya mwaka huo kwisha ulikuwa umefika Rwanda na Afrika Kusini.

Kasi hiyo inahitaji maelezo. Mfumo mzuri peke yake haungeweza kuvuka mipaka kwa miezi michache iwapo kila hospitali ingelazimika kufanya mapatano na vyuo viwili vya mabara mawili. Waandishi waliutoa chini ya leseni iliyotungwa kwa kufuata ile ya Mozilla, wakaongeza kanusho la kiafya: kwamba programu si ushauri wa kitabibu, na uamuzi ni wa mhudumu. Miaka kadhaa baadaye walihamia toleo la pili la leseni ya Mozilla yenyewe, kanusho likabaki. Kwa ruhusa hiyo, Wizara ya Afya ya Kenya na washirika wake, miongoni mwao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, waliweza kujenga KenyaEMR juu ya OpenMRS na kuusambaza katika mamia ya vituo kuanzia mwaka 2012. Nchini Uganda, mpango ulio katika Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere uliendeleza UgandaEMR juu ya msingi uleule.

Mpaka wa Busia unaigawa jamii ya Wasamia pande mbili, na ndugu wa nyumba moja huenda wakatibiwa mmoja Kenya na mwingine Uganda. Mifumo inayowahifadhia rekodi ni ya ukoo mmoja. Hii haina maana kwamba rekodi huvuka daraja. Nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019, na jambo hilo ni la sera, si la msimbo. Lakini mtaalamu aliyejifunza kuusoma mfumo mmoja hahitaji kuanza alifu kwa ule mwingine.

Kuna mfumo mwingine ambao hufika hata katika zahanati ndogo. Ripoti za jumla za kila mwezi, kama vile idadi ya watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua, Kenya ilianza kuzikusanya nchi nzima mwaka 2011 kwa programu ya DHIS2. Programu hiyo huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na historia yake inarudi nyuma hadi Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Leseni yake ni BSD. Hivi ni kusema kwamba karani wa rekodi za afya wa Samia anapoingiza hesabu za mwezi, anafanya hivyo kwa mujibu wa masharti yaliyotungwa California mwaka 1989. Yeye hana habari, na hana haja ya kuwa nayo, ambayo labda ndiyo sifa ya leseni nzuri.

Mtihani wa ruhusa hizi ulikuja mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Huduma za VVU magharibi mwa Kenya, zilizotegemea misaada hiyo kwa zaidi ya miaka 20, zilitikisika. Fedha za mfadhili zinaweza kukatwa kwa waraka wa siku moja, ilhali leseni ya msimbo hairudishwi kwa sababu mfadhili ameondoka; Kenya ilibaki na haki kamili ya kuuendesha, kuusoma na kuurekebisha mfumo wake. Hata hivyo, pasitiwe chumvi. Haki ya kusoma haimlipi mshahara anayejua kusoma, wala hailipii umeme wa seva. Aliyeridhishwa tanuri bado anahitaji makaa.

Kuisoma leseni kwa jicho la fasihi

Fungua faili lolote la OpenMRS na utakutana kwanza na aya ya leseni, kabla ya amri hata moja. Aya hiyo haitekelezwi na kompyuta, huandikiwa binadamu. Ni sehemu ya matini isiyokuwa na kazi ya kimashine, na pengine ndiyo sababu wanakompyuta huiruka kama msomaji wa riwaya anavyouruka ukurasa wa hakimiliki.

Fasihi ya Kiswahili ina kitu kinachofanana nayo. Mtunzi wa utenzi, kwa desturi ya kale, alimalizia kwa beti za kujitambulisha: jina lake, nasaba yake, pengine tarehe na idadi ya beti. Aghalabu aliongeza ombi kwamba msomaji atakayeona kosa alisahihishe na asimlaumu mtunzi. Tukizilinganisha beti hizo na leseni ya BSD, tunakuta mambo matatu yaleyale. Kuna jina linalopaswa kubaki, kuna ruhusa ya kurekebisha, na kuna kujikinga dhidi ya lawama. Wanakili wa miswada ya Lamu na Pate walikuwa wakiifanyia kazi ruhusa hiyo karne kadhaa kabla ya Berkeley, nao walileta tatizo ambalo wanamsimbo wanalijua sana, yaani matoleo mengi yanayotofautiana na ugomvi kuhusu lipi asilia.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Mtunzi wa utenzi alimwomba mtu wa jamii moja naye, aliyeshiriki imani na lugha yake. Leseni humsemesha mtu asiyejulikana, popote alipo, na humsemesha kwa Kiingereza. Shirika la Stallman, kwa mfano, huruhusu GPL itafsiriwe, lakini halizitambui tafsiri hizo kuwa na nguvu ya kisheria. Matini rasmi ni ya Kiingereza peke yake. Ruhusa iliyo wazi kwa wote imefungwa katika lugha ya baadhi yao. Tafsiri ya Kiswahili ya leseni hizi, hata kama ni ya kuelimisha tu, ingekuwa kazi halali ya tasnifu. Maneno yake si mepesi: tofauti kati ya kugawa, kusambaza na kutoa nakala, ambayo Kiswahili cha kila siku hakiitilii maanani, katika leseni huweza kuamua shauri.

Kiswahili ndani ya ruhusa

Faida ya ruhusa hizi kwa Kiswahili ilionekana mapema. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na washauri wa IT+46 wa Sweden kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwezi Desemba mwaka huo kikatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Programu asilia ilikuwa imefunguliwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2000 kwa leseni huria. Kwa hiyo, Dar es Salaam haikuhitaji kuomba ili itafsiri. Ilihitaji istilahi, na hapo ndipo wataalamu wa lugha walipokuwa na kazi. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa Kiswahili katika bidhaa zake. Istilahi za pande zote mbili zinaweza kuhakikiwa na kukosolewa. Lakini mhakiki asiyeridhika na neno la upande wa Dar es Salaam aliruhusiwa kulibadilisha na kutoa toleo lake, ilhali asiyeridhika na la kampuni angeweza tu kuandika makala.

Toleo la Jambo limekwisha kupitwa na wakati, na ingekuwa uongo kudai kwamba lilienea katika ofisi zetu. Lakini kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili iliyotolewa kwa leseni huria ingali inasambazwa pamoja na LibreOffice, programu iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Miradi hukoma, watu huhama, na orodha ya maneno inaendelea kusafiri kwa sababu kuna mtu aliyeiandikia sentensi chache za ruhusa.

OpenMRS nayo ina jambo la kumpendeza mwanaisimu. Katika kamusi yake ya dhana, dhana hutenganishwa na majina yake: dhana ya homa ni moja, nayo huweza kubeba majina katika lugha nyingi. Wasanifu wake walitenganisha kitaja na kitajwa kwa sababu za kihandisi tu. Jina la Kiswahili, au hata la Olusamia, linaweza kuongezwa pasipo kugusa rekodi ya mgonjwa yeyote. Kinachokosekana ni mikusanyo ya istilahi inayoruhusiwa kutumika.

Ukimya wa idara

Mikusanyo hiyo ipo. Imo katika tasnifu zetu. Kila mwaka idara za Kiswahili za Afrika Mashariki hupokea orodha za maneno ya magonjwa, uvuvi, kilimo na ufundi, zilizokusanywa kwa jasho nyanjani. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyekwenda Funyula na Sio Port, akaandika majina ya Olusamia ya dalili za magonjwa pamoja na visawe vya Kiswahili. Orodha yake, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki, ni mkusanyo wa data, kwa hiyo ni kazi ya fasihi inayolindwa hadi nusu karne baada ya kifo chake. Imejalidiwa, imetiwa rafuni. Mtaalamu wa Eldoret anayetaka kuitia katika kamusi ya dhana hajui amwombe nani: mwanafunzi amekwisha kuhitimu na kubadilisha nambari ya simu, msimamizi anasema kazi si yake, na idara haina faili la jambo kama hilo.

Wapo watakaosema kwamba sheria si ngumu kiasi hicho. Ni kweli kwamba, chini ya sheria ya Kenya, uhamisho wa hakimiliki na leseni ya kipekee ndivyo vinavyohitaji maandishi yaliyotiwa sahihi. Leseni isiyo ya kipekee inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kufahamika kutokana na mwenendo wa mwenye kazi. Lakini hakuna wizara itakayojenga mfumo wa hospitali juu ya mwenendo wa kukisiwa. Na wapo wanaohofu kwamba kuruhusu ni kupoteza, kwamba kampuni kubwa itaichukua orodha na kuiuza. Hofu hii ina msingi, hasa tukizingatia jinsi lugha zetu zinavyotafutwa sasa kwa ajili ya kufunzia mashine. Jibu lake limo katika tofauti za leseni zilizoelezwa. Anayeogopa kampuni na achague masharti ya aina ya Stallman, yanayomlazimisha mchukuaji kurudisha alichokiongeza. Anayetaka kazi yake ifike mbali bila vikwazo na achague ya aina ya Berkeley. Asiyechagua lolote hajaizuia kampuni yenye mawakili. Amemzuia mwanafunzi mwenzake wa Alupe au Makerere asiyekuwa nao.

Ukurasa wa pili wa tasnifu tayari una nafasi. Pale penye ikirari ya mwanafunzi na sahihi ya msimamizi, panatosha mstari mmoja unaotaja leseni ya maandishi na mwingine unaotaja leseni ya viambatisho, kwa sababu orodha ya maneno na uchambuzi wake si lazima viwe na masharti sawa. Uamuzi huo unaweza kufanywa na bodi ya idara katika kikao kimoja, kabla ya tasnifu za mwaka huu kupelekwa kujalidiwa.